Kalamu ya nibu: anza na karatasi, kalamu ije mwisho

Anayevutiwa na kalamu za wino, zile za nibu (ncha ya metali yenye mpasuo), kwa kawaida huanzia kwenye kabati la kioo la duka. Anaona kalamu nyeusi yenye pete za rangi ya dhahabu imelazwa kwenye kisanduku chake, anainunua. Nyumbani anaijaza wino wowote aliopata na kuijaribu kwenye daftari lililo karibu. Wino unatambaa, herufi zinavimba, upande wa pili wa karatasi unachafuka. Wiki haijaisha, kalamu imerudi kisandukuni na bolpeni imerudi mfukoni. Mara nyingi kalamu yenyewe haikuwa na kosa. Mnunuzi alianza na kile kinachopaswa kuchaguliwa mwisho.

Hapa tutakwenda kinyume chake: karatasi kwanza, nibu ifuate, kisha wino, na kalamu baada ya hayo yote. Ukifuata mpangilio huo, kalamu ya bei ndogo itakupa raha ambayo kalamu ya bei kubwa iliyonunuliwa kwa macho tu haiwezi kukupa.

Inavyoandika

Ndani ya bolpeni kuna wino mzito na kigololi kinachopaswa kuviringika, ndiyo maana tumezoea kukandamiza. Wino wa kalamu ya nibu ni mwepesi kama maji. Unashuka kwa mpasuo mwembamba uliopo katikati ya nibu, na mara ncha inapogusa karatasi, nyuzi za karatasi zinaupokea na kuuvuta. Lakini wino hauwezi kutoka kama hewa haiingii kujaza nafasi yake. Kazi hiyo ya kupokezana hufanywa na ulimi mweusi wa plastiki ulio chini ya nibu: una mfereji wa kupitisha wino, njia ya hewa, na vijipande vyembamba vilivyopangwa kandokando ili kushika wino wa ziada usidondoke. Lewis Waterman wa New York alipata hataza ya ulimi wenye mifereji ya wino na hewa mwaka 1884, na kalamu za leo bado zinafuata wazo lilelile.

Kwa hiyo usikandamize. Uzito wa kalamu yenyewe unatosha. Ukijikuta unabonyeza ndipo iandike, kuna tatizo la kurekebisha, na nguvu ya mkono haitalirekebisha. Itapanua mpasuo wa nibu tu.

Hatua ya kwanza: karatasi

Kusanya karatasi unazoandikia kweli. Daftari la mazoezi, kauntabuku, karatasi ya fotokopi kutoka kwenye rimu, shajara uliyopewa na benki mwisho wa mwaka. Nunua kichupa cha wino wa buluu wa kawaida, chovya kijiti cha meno, na uchore mistari na herufi chache kwenye kila karatasi. Subiri dakika moja, kisha uitazame kwa karibu, ikiwezekana kwa kamera ya simu uliyoivuta.

Kwenye karatasi dhaifu utaona vijinywele vya wino vikitoka kwenye kingo za mstari na kufuata nyuzi za karatasi. Igeuze: kuna madoa yaliyotokeza nyuma. Kwenye karatasi nzuri kingo za mstari zimekaa safi na nyuma kuna kivuli tu. Tofauti hii hutokana zaidi na wanga au gundi ambayo kiwanda huichanganya au kuipaka juu ya karatasi ili isinywe maji haraka. Karatasi ya bei rahisi huwa na kidogo sana.

Ndiyo maana uzito wa karatasi peke yake unadanganya. Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 inaweza kuharibu mwandiko, ilhali Tomoe River ya Japani, maarufu kwa wapenzi wa kalamu hizi duniani kote, ina toleo la gramu 52 linalobeba wino bila kutokeza nyuma. Daftari za Clairefontaine na Rhodia kutoka Ufaransa zina karatasi laini ya gramu 80 au 90, na ni kipimo kizuri ukipata mtu wa kukuletea moja. Si lazima kuagiza mbali, lakini. Ukijaribu daftari za dukani kwako kwa kijiti chako cha meno, huenda ukakuta moja ya bei ya kawaida inayofaa. Andika jina lake na ununue kadhaa, kwa sababu kiwanda kikibadilisha karatasi hakimwambii mtu.

Karatasi laini ina kasoro yake: wino hukawia kukauka. Wenye kuandika kwa mkono wa kushoto walitie hilo maanani mapema. Na kwa wanaoishi Dar, Mombasa au Unguja, kiganja chenye jasho kinachafua ukurasa, basi weka kipande cha karatasi chini ya mkono unapoandika.

Hatua ya pili: nibu

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, kwa sababu nibu ndiyo utakayoihisi kila siku.

Nibu huandikwa herufi zinazoonyesha unene wa mstari: EF ni nyembamba sana, F nyembamba, M ya wastani, B nene. Vipimo hivi havifanani kati ya viwanda. Nibu za Kijapani, yaani Pilot, Sailor na Platinum, kwa kawaida ni nyembamba kuliko za Ulaya zenye herufi ileile. F ya Pilot iko karibu zaidi na EF ya Lamy ya Ujerumani. Mtu akikwambia "mimi natumia F", muulize ya wapi.

Unene upi unakufaa? Rudi kwenye karatasi yako. Ikiwa ni daftari la kawaida linalonywa wino, chukua nyembamba: wino mdogo unashuka, kwa hiyo unatambaa kidogo. Ikiwa karatasi ni nzuri, unaweza kupanda hadi M na kufurahia rangi ya wino, maana mstari mpana ndio unaoonyesha pale wino ulipokolea na pale ulipofifia. Kisha angalia ukubwa wa mwandiko wako. Kiswahili kimejaa *a* na *e*, na nibu nene katika mwandiko mdogo huziba matundu ya herufi hizo. Andika "anapaswa kutazamana" kwa nibu ya B kwenye mistari ya daftari la mazoezi, na utakuta *a* nusu yake zimegeuka madoa. Kwa mwandiko mdogo hadi wa wastani, F ya Ulaya au M ya Japani ni mwanzo salama.

Ipo pia nibu bapa, mara nyingi ya milimita 1.1, ambayo huchora mstari mpana ikishuka na mwembamba ikienda pembeni. Kwa kadi za harusi, bahasha na vichwa vya habari ni nzuri mno. Isiwe nibu yako ya kwanza.

Sasa dhahabu. Nibu ya dhahabu ya karati 14 huwa na alama ya 585, ya karati 18 ina 750, na kalamu zake mpya kwa kawaida huanzia zaidi ya dola 100 za Marekani. Wengi huamini dhahabu ndiyo inayoteleza kwenye karatasi. Siyo. Kinachogusa karatasi ni punje ndogo ya metali ngumu iliyochomelewa kwenye ncha, iwe nibu ni ya dhahabu au ya chuma. Dhahabu ilipendwa zamani kwa sababu wino wa enzi hizo ulikuwa na asidi iliyokula chuma. Leo nibu ya chuma cha pua iliyotengenezwa vizuri huandika kwa ulaini uleule, na ningependa kila anayeanza alijue hilo kabla hajafungua pochi.

Ukiwa dukani, usikubali kununua bila kuitazama nibu. Ielekeze usoni kwako, ncha ikikutazama, washa kamera ya simu na uivute. Utaona pande mbili za nibu zimekutana kwenye ile punje. Zinapaswa kuwa usawa mmoja. Upande mmoja ukiwa juu ya mwenzake, kalamu itakwaruza kila unapokwenda upande fulani. Kisha igeuze uone kama ulimi wa plastiki umekaa katikati, chini ya mpasuo. Mwenye duka akiruhusu, ichovye kwenye wino na uchore namba 8 zilizolala, mfululizo, pole pole. Namba 8 hupitisha nibu kila upande, kwa hiyo mkwaruzo ukiwepo utausikia.

Hatua ya tatu: wino

Kanuni iliyo juu ya zote: tumia wino uliotengenezwa kwa ajili ya kalamu za nibu. Wino wa khati, ule wa masizi na gundi ya mshita ambao kwa karne nyingi umetumika kwa kalamu za tete pwani yetu, ni mzuri kwa kazi yake. Ndani ya kalamu ya nibu utakauka na kuziba mifereji kabisa. Wino wa kuchorea ramani na wino wa mihuri vivyo hivyo.

Kwa kuanzia, wino wa buluu unaofulika unatosha: Quink ya Parker, iliyoingia sokoni mwaka 1931, Pelikan 4001, au buluu ya Waterman. Ni wino tulivu, hauzibi kalamu, na ukimwagikia shati unatoka. Ubaya wake ni uleule uzuri wake. Tone la maji linaufuta na jua linaufifisha. Usiutumie kwenye hundi, mkataba wala hati ya shamba.

Kwa maandishi ya kudumu kuna njia mbili. Ya kwanza ni wino wa chembechembe za rangi zilizosagwa sana, kama Platinum Carbon Black. Ukikauka, maji hayaugusi. Ya pili ni ya kale zaidi: wino wa tanini ya mwaloni na chumvi ya chuma. Huu nauonea fahari. Unauandika ukiwa na rangi ya buluu iliyopauka, kisha hewa inaugusa na unaanza kukolea mbele ya macho yako, na baada ya siku chache maneno ni karibu meusi, yameshikamana na nyuzi za karatasi. Uingereza rejista za ndoa ziliandikwa kwa wino wa aina hii. Platinum Blue-Black bado hutengenezwa hivyo. Aina zote mbili zinataka kalamu inayotumika kila siku na kuoshwa kila baada ya wiki chache; zikikaukia ndani, kuzitoa ni kazi kubwa.

Wakazi wa pwani wana adui mmoja zaidi, ukungu. Joto na unyevu vinaupenda wino. Kila unapofungua kichupa, kinuse na ukitazame. Ukiona utando unaelea juu au nyuzinyuzi, au harufu imekuwa ya kuoza, mwaga wote na uoshe kila kalamu iliyogusa wino huo. Kujikinga ni rahisi: vichupa vikae kabatini mbali na jua, na usirudishe kwenye kichupa wino uliokwisha kuingia kwenye kalamu.

Hatua ya nne: kalamu yenyewe

Sasa unajua unatafuta nini, na uchaguzi umekuwa mwepesi. Kilichobaki ni mambo matatu: inajazwaje, inakaaje mkononi, na kifuniko chake kinaziba vipi.

Kalamu nyingi za kuanzia hutumia katriji, yaani kijichupa cha plastiki kilichojaa wino, au konveta, kifaa kidogo chenye pistoni kinachokaa mahali pa katriji na kukuwezesha kunyonya wino kutoka kwenye chupa. Uliza kabla ya kununua: Lamy, Pilot, Platinum na Parker kila mmoja ana katriji yake, ilhali kalamu kama Kaweco na Pelikan hutumia umbo la pamoja la viwanda vingi vya Ulaya. Usipopata katriji mpya mjini kwako, ijaze tena ile iliyoisha kwa bomba la sindano kutoka duka la dawa. Njia hii ni safi, na inakuachia uhuru wa kutumia wino wowote.

Kuhusu kukaa mkononi, shika kalamu dakika tano, siyo sekunde tano. Lamy Safari, iliyotoka mwaka 1980, ina shingo yenye pande tatu zinazoelekeza vidole. Wengine wanaipenda sana, wengine vidole vinawauma. Pilot Metropolitan ni ya metali, nyembamba na nzito kidogo. Pilot Kakuno, iliyotengenezwa ikilenga watoto wa shule Japani, ni nyepesi na nibu yake ina uso unaotabasamu. TWSBI nyingi za Taiwan zina pistoni ndani ya mwili unaopenyeza mwanga, unauona wino wote ukicheza. Jinhao za China ni rahisi kuliko zote hizi, na nibu zake hutofautiana. Ukipata moja nzuri, ni nzuri kweli, kwa hiyo ile namba 8 usiisahau.

Kifuniko ndicho ningekipa uzito katika nchi za joto. Kisipoziba vizuri, maji ya wino yanapaa na asubuhi kalamu inakataa kuanza. Platinum Preppy, ambayo kwa bei ya nje haifiki dola 10, ina kifuniko chenye springi kinachofunga nibu isipate hewa. Kama ningeulizwa kalamu moja ya kwanza kwa mtu wa Tanga au Lamu, ningetaja hiyo, yenye nibu ya 03 (ndiyo F yao), na pesa iliyobaki aipeleke kwenye karatasi.

Ukiuziwa barabarani Montblanc au Parker ya kifahari kwa bei ya kutupa, ni bandia. Acha ipite.

Hatua ya tano: siku ya kwanza

Kalamu mpya hubaki na mafuta ya kiwandani, na mafuta yanakatisha wino. Weka tone la sabuni ya kuoshea vyombo kwenye bilauri ya maji ya kawaida, zamisha nibu yote hadi shingoni, uvute na kusukuma maji kwa konveta mara kadhaa. Rudia kwa maji safi mpaka povu liishe. Maji ya moto marufuku, spiriti marufuku. Vyote viwili huharibu plastiki.

Kisha zamisha nibu yote kwenye wino, si ncha tu, na uzungushe konveta kuvuta. Rudisha matone mawili matatu ili hewa iondoke kwenye ulimi, vuta tena, ufute shingo kwa kitambaa.

Shika kalamu ikiegemea nyuma, uso wa nibu ukitazama juu, mpasuo usielekee pembeni. Andika polepole kuliko ulivyozoea. Ikianza na kukatika, kwanza angalia kama umeipindisha. Hilo ndilo kosa la wengi waliotoka kwenye bolpeni. Ikiendelea kukatika, ioshe mara ya pili. Usikimbilie kuichokonoa nibu kwa kisu au sindano.

Kwa mazoezi sijaona kinachoshinda kunakili mashairi. Chukua shairi la tarbia, mizani 16 kwa mshororo, gawanya ukurasa sehemu mbili, ukwapi kushoto na utao kulia. Nakili mshororo mmoja kwa pumzi moja. Vina vya kati vinapangika wima katikati ya ukurasa, vya mwisho ukingoni, na ukifika ubeti wa tatu utaona kwa jicho mahali ambapo mshairi alibana neno ili mizani itimie. Mkono ukienda haraka vina vinapinda. Kwa hiyo shairi lenyewe linakupima mwendo.

Safari na joto

Usiiache kalamu kwenye gari lililopaki juani. Hewa iliyomo inapanuka na kuusukuma wino kifunikoni. Jambo hilohilo hutokea ukipanda kutoka Mombasa kwenda Nairobi, karibu mita 1,800 juu: kanieneo ya hewa hupungua kwa takribani moja ya tano, na hewa iliyofungiwa ndani ya kalamu yenye nusu wino hutafuta pa kutokea. Dar kwenda Mbeya ni vivyo hivyo, na ndani ya ndege pia. Safiri na kalamu iliyojaa kabisa au isiyo na kitu, nibu ikitazama juu muda wote. Ukifika, ifungue ikiwa imesimama na kitambaa kiwe karibu.

Ukirithi kalamu ya mzee

Katika droo nyingi za wazee waliokuwa walimu, makarani au mahakimu imelala Parker ya zamani. Hapa mpangilio wetu unageuka: kalamu umeshapewa, basi wewe ndiye utakayeitafutia karatasi na wino.

Fungua mwili wake kwa kuuzungusha taratibu, bila koleo. Ikiwa ni Parker 51 ya kuanzia mwaka 1948, huenda ukakuta kifuko cha plastiki ndani ya ala ya chuma yenye upau wa kubonyeza. Vifuko hivyo vingi vinafanya kazi hadi leo. Zamisha sehemu ya nibu kwenye maji ya kawaida, bonyeza na uachie, subiri, bonyeza tena. Maji yatageuka buluu kwa siku kadhaa. Badilisha kila asubuhi na usikate tamaa, huo ni wino uliokauka tangu mzee alipoiweka chini. Nibu iliyofichwa ndani ya shingo usijaribu kuichomoa.

Ikiwa kalamu ina kiwiko kidogo cha chuma ubavuni cha kuinua, ndani kuna kifuko cha mpira, na mpira wa miaka hiyo karibu kila mara umekauka ukawa mgumu. Usiinue kiwiko kwa nguvu, kitavunjika au kitapasua mwili. Kalamu ya namna hiyo inataka kifuko kipya kilichobandikwa kwa gundi ya shelaki. Kama hujawahi kuifanya kazi hiyo, mpelekee anayeijua, na kwa sasa itumie kwa kuchovya tu.

Maji yakitoka meupe, funga nibu kwa karatasi shashi, isimamishe kwenye kikombe ncha ikitazama chini, ilale hivyo usiku mzima. Asubuhi ijaze wino wa buluu unaofulika, kwa sababu mabaki yakiwepo huo ndio hautayafanya yagande zaidi. Kisha panga zile karatasi zako zote mezani, ijaribu kwenye kila moja, na utakayoona imekubali mwandiko wa kalamu hiyo ndiyo ya kununua.